Posa ya Dada Yangu na Ugonjwa wa Baba

Baba alipoanza kurusharusha mikono bila kutaka, mtaa wetu wote pale Likoni ulisema ana pepo. Tukampunga pepo mara mbili. Alikufa amekonda, hawezi kumeza hata uji. Mama alikuwa ametangulia. Nikaacha shule darasa la saba, nikaenda kubeba magunia bandarini Kipevu ili mimi na dada yangu mdogo tule.

Miaka ya tisini daktari mmoja alinieleza maradhi ya baba. Ndani ya kila chembe ya mwili mna maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne. Mahali fulani herufi tatu hurudiwarudiwa, kwa kila mtu. Kwa baba zilirudiwa kupita kiasi. Protini inayotengenezwa kwa maagizo hayo hutoka ndefu mno, hugandamana, na chembe za ubongo hufa pole pole. Kila mtoto ana nafasi nusu ya kurithi. Dalili huja ukubwani. Dawa hakuna.

Nikakaa na habari hiyo. Nikiangusha kikombe, nilitazama mkono wangu siku nzima. Dada yangu sikumwambia.

Kisha watu wa kijana mmoja wakaja kumposa. Nikisema, hataolewa, nisiposema, nimemdanganya mtoto wa watu. Ami wa yule kijana, mzee mcheshi, alipokwisha kunywa kahawa akauliza, kama ilivyo desturi:

"Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa na nini?" Kabla sijajibu akacheka. "Pepo, tumesikia. Hao hata kwetu wapo. Wa mke wangu hataki ila marashi, na mnunuzi ni mimi!"

Wenzake wakaangua kicheko. Ningenyamaza tu, fatiha ingesomwa, posa ikafungwa. Lakini walii wake, mwenye amana ya kumwoza, ni mimi.

"Si pepo, ami. Ni maradhi ya kurithi. Huenda dada yangu anayo. Huenda nami ninayo."

"Huenda?"

"Nusu kwa nusu. Wallahi sijui."

Akaweka kikombe chini. "Basi fatiha tuiache kwanza, mwanangu."

Wakavaa viatu, wakaenda zao. Nilijiona nimetenda haki, hadi pazia la chumbani lilipofunguka. Wasichana wetu husikiliza posa zao nyuma ya pazia. Nililijua hilo tangu utotoni, ila macho yangu yote yalikuwa kwa wageni.

"Kaka," akasema, mikono ameibana kwapani, "na mimi ulikuwa uniambie lini?"