Nywele za Ngurumo

Siku za kazi alikuwa muuguzi wa chanjo, mpole ajabu, mtu wa kumwomba radhi kila mtoto kabla ya kumchoma sindano, na wengine akawaomba tena baadaye. Jumamosi alikuwa Ngurumo, mpiga gitaa wa roki nzito, ule muziki wanaouita hevi metali. Mama mkwe wake alipousikia mara ya kwanza, alikimbilia jikoni kutazama kabati lililoanguka.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda vizuri. Nywele zake zilifika mabegani, na katika muziki huo nywele ni nusu ya kazi: gitaa likinguruma, kichwa nacho huzungushwa, nywele zikapepea kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Kisha zikaanza kuondoka. Hazikuaga. Moja ilibaki kwenye mto, nyingine kwenye kitana, mpaka utosi ukang'aa kama sufuria mpya. Kazini walimtania kwamba watoto ndio waliozing'oa, kulipiza kisasi. Alicheka nao, akaenda nyumbani, akazihesabu zilizobaki.

Mpiga ngoma, ambaye ndiye mkubwa wa bendi, hakucheka. Onyesho kubwa lilikuwa linakaribia, katika ukumbi wenye jukwaa la kweli, si zile meza za kuunganisha walizozoea. Alimwita pembeni akamweleza bila kumung'unya maneno: ama apate nywele, ama apige gitaa akiwa nyuma ya pazia. Ngurumo alitikisa kichwa kukubali. Hakuna kilichopepea.

Mkewe alikuwa msusi. Muziki ule hakuupenda hata chembe. Mumewe akianza mazoezi, yeye alitia pamba masikioni akaendelea kukunja nguo. Lakini jioni moja alimkuta mbele ya kioo, amejitwika taulo kichwani, analirusha huku na huku. Kesho yake alianza kushona. Nywele za bandia zilizobaki baada ya kuwasuka wateja, weusi wa kila namna, alizipachika fungu kwa fungu juu ya kofia nyembamba. Ngurumo alipoivaa alitokwa na machozi, akasingizia vumbi.

Kosa lilikuwa moja tu: kofia ilipimwa kwenye kichwa kikavu, na Ngurumo akiwa jukwaani hulowa kama aliyenyeshewa.

Siku ya onyesho, wimbo wa kwanza kofia ilitulia. Wa pili ikateremka hadi kwenye nyusi. Wa tatu ikamfunika macho, akawa anapiga gitaa gizani huku akielekea ukingoni mwa jukwaa, hadi mwimbaji akamvuta kwa mkanda wa gitaa. Kisha ukafika wakati wake wa kupiga peke yake, ule aliousubiri tangu ujana. Akazungusha kichwa kwa nguvu zake zote. Nywele zikaruka, zikapita juu ya taa, zikatua mapajani mwa mama mkwe, aliyeketi na bintiye mstari wa mbele. Mama mkwe akazichapa kwa kiatu kabla ya kuzitambua.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vidole vya Ngurumo vikasita juu ya nyuzi. Akamwona mpiga ngoma akimwonyesha pazia kwa kijiti chake. Akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua.

Hapo mkewe akainuka. Akatoa pamba masikioni, akafungua kilemba, akapanda jukwaani na kumsogelea mumewe.

"Wewe piga, baba," akamwambia. "Nywele niachie mimi."

Akainama, akazungusha kichwa. Misuko yake mirefu ikapepea mbele ya taa, na mapigo aliyakosea tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyejali. Ngurumo alipiga kama ambavyo hakuwahi kupiga, na maji yaliyomtiririka mashavuni hayakuwa jasho lote. Kicheko kikageuka makofi. Mama mkwe akaipunga ile kofia juu kama bendera.

Walipomaliza, mpiga ngoma akaja chumba cha nyuma, amenywea.

"Shemeji, onyesho lijalo utakuja?"

"Muulize mwenye nywele zake," akajibu, akimwonyesha mumewe kwa kidole gumba, maana shingo ilikuwa imegoma kugeuka.

Mwenye nywele hakusikia. Alikuwa nyuma ya kiti, anamkanda mkewe shingo kwa mikono ile ile iliyozoea watoto, akimwomba radhi, akimshukuru, kisha akimwomba radhi tena.