Shairi Lenye Matundu

Nilisoma hadi darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wake. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadai nilificha. Kusoma na kuandika nilijua. Na kuandika kwangu ndiko kulikoleta ugomvi mgodini, ugomvi ambao ninaujivunia kuliko kulima, kuliko kuoa, kuliko hata nyumba mbili nilizojenga. Moja ilianguka, lakini nilijenga mbili.

Nilitoka kwetu upande wa Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikapitia Kahama na Masumbwe, kipande kwa miguu na kipande kwenye lori juu ya marobota ya pamba, hadi Geita kwenye dhahabu. Masumbwe nilikaa siku nne kwa ajili ya jipu, ila habari ya jipu tuiache.

Watu husikia mgodi wakadhani kila mtu alichimba dhahabu. Mimi sikuchimba. Kazi yangu ilikuwa kubeba mawe ya kupimwa. Mzungu alitia alama ya chaki ukutani kule chini, sisi tukabandua vipande, tukavitia kwenye kifuko cha nguo, tukakifunga kwa kamba yenye lebo. Lebo ilikuwa kikaratasi kigumu, upana wake vidole vitatu, na juu kina tundu la kupitishia kamba. Kwenye lebo kuliandikwa jiwe limetoka wapi. Mifuko tuliipeleka nyumba ya kupimia, na huko karani aliyanakili maandishi kwa taipu.

Karani huyo alikuwa mtu wa Bukoba, kijana safi, suruali imenyooka kama rula. Alikuwa na sheria moja tu: piga kama ulivyoona, usiongeze, usipunguze. Tope likifuta herufi, naye aliacha pengo palepale. Ukimuuliza kwa nini asikisie, alikutazama kama umemwambia aibe. "Nikikisia mimi," alisema, "watu watachimba pasipo na kitu."

Karani huyohuyo ndiye aliyepiga taipu karatasi ya habari za kambi. Ilibandikwa kila juma kwenye ubao nje ya duka la posho: nani amepotelewa na kofia, mpira utachezwa lini, maji yatafungwa lini. Chini kabisa palikuwa na mashairi. Kona hiyo ilikuwa mali ya fundi cherehani mmoja, mzee wa Tanga, aliyejua vina na mizani kama alivyojua kiuno cha kila mtu pale kambini. Shairi lililompita mikononi lilikuwa limepimwa, limekatwa na kupigwa pindo.

Basi, mvua zilianza. Kwa sisi Wasukuma mvua zikianza moyo unarudi nyumbani hata kama miguu imebaki. Nilikuwa chini na taa yangu, nikamkumbuka mayu, yaani mama yangu, akilima. Nikataka kuandika. Karatasi sikuwa nayo, nilikuwa na lebo nne mfukoni. Nikaandika juu ya hizo. Upana vidole vitatu, maneno yaliingia mawili matatu kwa mstari. Na kwa kuwa kila lebo ina tundu juu, mstari wa kwanza niliurusha: neno huku, tundu, neno kule. Nisingeweza kuandika hewani.

Jioni nilimpa karani, naye akazinakili lebo kama lebo. Fundi alikuwa kitandani na homa, hakuna aliyelipima shairi langu. Siku ya posho ubaoni palikuwa hivi:

Mama      analima
jembe
liko juu

Mimi      niko chini
na taa
na jiwe

Juu yangu      udongo
juu ya udongo
mama

Akilishusha      jembe
nitalisikia
mimi?

Chini yake, jina langu kamili na namba yangu ya kazi. Niliona aibu na furaha, vyote viwili, kama siku ya kutoa mahari.

Watu walijaa. Wanaojua kusoma waliwasomea wasiojua, na kila aliyesomewa alikuwa na lake. Mpishi mmoja wa Kizaramo, mtani wetu sisi Wasukuma, ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Hili nini? Orodha ya vitu vilivyopotea?"

"Shaili," nikamwambia.

"Shaili! Kwanza ulimi wako ukajifunze kutamka, ndipo mkono utunge!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, maana mtani hakasirikiwi.

Mwingine, mchimbaji kutoka Tabora, akauliza kwa dhati kabisa: "Mama yako yuko Shinyanga, wewe uko Geita. Atakulimiaje juu ya kichwa?"

Lakini matundu ndiyo yaliyowasumbua zaidi. Palikuwa na penseli imefungwa kwa uzi pale ubaoni, ya kuandikia majina ya wachezaji wa mpira, na watu wakaanza kuandika pembeni mwa shairi langu. Mmoja aliandika, "Hapa mtunzi alisinzia." Mwingine chini yake, "Hapana, hapa amevuta pumzi, chini hakuna hewa." Wa tatu akaandika, "Taipu mbovu." Wa nne, "Nimelisoma mara tatu. Silielewi. Nitakuja kesho." Na alikuja, nilimwona.

Je, niliwaambia kwamba ni tundu la kamba tu? Sikuwaambia. Huu ndio ukweli wangu. Niliwasikiliza wakibishana, nikaona maana zao zote zinatosha, hata ile ya kusinzia.

Fundi alipopona alikuja akijiburuza, shuka begani. Akasimama mbele ya ubao, akasoma kwa kidole. Halafu akaniita.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hii?"

"Ndiyo, baba."

"Umeniaibisha, kijana. Kona hii watu wanaijua ni yangu. Mistari mirefu mifupi, kina hakuna, mizani hakuna. Nguo ya mikono mitatu hii! Nani atavaa?"

Akashusha sauti, na hapo ndipo aliponishika pabaya, kwa wema. Alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa amelitengeneza. Beti sita, safi, na jina langu chini yake. Zilianza hivi:

Mama yangu mkulima, jembe lake kainua,
Shimoni nami nazama, dhahabu naichimbua.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi mashairi yatasomwa uwanjani, kambi nzima," akasema. "Kubali hili lisomwe kwa jina lako, utakuwa mtunzi mbele ya watu. Ukikataa, lako litasomwa vilevile lilivyo, nami nitasema wazi kwamba si shairi. Chagua."

Jamani, lilikuwa zuri. Sitalificha hilo. Lilikwenda lenyewe kama gurudumu mteremkoni. Nililikariri kwa siku mbili. Nililiimba nikibeba mifuko, na wenzangu wakasema, ehee, sasa ndiyo! Nikajiona nimesimama uwanjani, watu wanapiga makofi, habari inafika Shinyanga kwamba mtoto wa fulani, yule wa ng'ombe, ni mtunzi.

Siku ya tatu niliteremka chini, nikabandua jiwe langu, nikaanza kuimba, "dhahabu naichimbua," nikanyamaza. Wapi? Mimi na dhahabu wapi na wapi? Sijapata kuishika hata ukubwa wa punje ya ulezi. Mimi nilikuwa na taa na jiwe. Na fundi alisema mayu kainua jembe, kama jambo lililokwisha kupita. Kwangu mimi jembe lilikuwa bado liko juu, halijashuka. Nisingeweza kulieleza hilo mbele ya mtu wa Tanga mwenye vina na mizani, lakini nililijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake gizani.

Nikaenda cherehanini, nikamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Fundi, hili ni lako. Ni zuri mno. Langu ni lile la ubaoni."

"Watakucheka."

"Wameshacheka."

"Basi usije ukasema sikukushonea," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani, hakuniangalia tena.

Jumapili hiyo, saa za alasiri, uwanja ulijaa. Msomaji alikuwa karani, na karani mnamjua. Mashairi ya wengine aliyasoma, yakapigiwa makofi. Alipofika kwangu fundi akasimama kwanza. "Linalofuata," akasema, "si shairi. Nalisema mbele yenu." Akaketi.

Karani akaanza. "Mama." Akanyamaza. Kwenye karatasi palikuwa na pengo, naye pengo alilisoma kama pengo. Mtu akapiga kelele, "Amesahau!" Vicheko. "Analima. Jembe. Liko juu." Akaendelea. "Mimi." Akanyamaza tena. Vicheko vikawa vichache.

Sasa, asiyetoka kwetu huenda hajui. Wasukuma wakilima kwa pamoja, ngoma inapigwa, ule ulimaji unaitwa bugobogobo, na majembe yote huinuka pamoja, yakakaa juu kitambo kidogo, kisha yakashuka kwa kishindo kimoja na sauti ya kifuani. Karani aliposema "Juu yangu" akanyamaza, wachimbaji wa kwetu waliokuwa nyuma, kama thelathini hivi, hawakuambiwa na mtu, wakakanyaga chini: "Hii!" Vumbi likaruka. Karani akashtuka, lakini hakuongeza wala hakupunguza. "Udongo," akasema. "Juu ya udongo. Mama. Akilishusha." Wakakanyaga tena, safari hii na wengine wasio Wasukuma. "Jembe. Nitalisikia. Mimi?"

Nusu ya uwanja ikataka lirudiwe. Nusu nyingine ikainuka na mikeka yao. Nilimsikia mzee mmoja akipita karibu nami: "Kama kukanyaga ni ushairi, basi punda wangu ni malenga." Mchimbaji mmoja akamjibu, "Mlete asome!" Wakaanza kusukumana kidogo, wakatenganishwa. Lilirudiwa mara mbili. Fundi hakupiga makofi wala hakuondoka. Aliketi mikono imekunjwa, midomo inahesabu.

Mimi sikulala vizuri juma lile, nikifikiri nimemvunjia heshima mzee. Siku ya posho ikafika. Ubaoni, kona nzima, kuanzia habari za maji hadi chini, fundi alikuwa ameandika beti kumi na mbili. Zote za kunikosoa mimi. Jina langu lilikuwa kwenye ubeti wa kwanza, na mizani haikukosea hata mara moja. Alisema nimekata kitambaa bila kupima. Alisema nimewalisha watu shina nikawaficha punje. Alisema ushairi una nyumba yake, nami nimeingilia dirishani. Mpishi yule mtani wangu alizisoma zote kwa sauti, akageuka, akanikuta nimeinamisha kichwa.

"Wee Msukuma, unalia nini?"

"Mzee amenitukana kambi nzima."

"Mjinga wewe! Amekutukana kwa shairi." Akanishika bega. "Huko kwetu Pwani mtunzi hamjibu mtu asiye mtunzi. Mlevi akimtukana, anapita. Mtoto akimtukana, anapita. Akijibu kwa beti, amekubali kwamba mko wawili. Na huyu hajakupa beti mbili, kakupa kumi na mbili! Mimi namjua miaka sita, hajapata kumjibu mtu yeyote kambi hii."

Nikainua kichwa. Nikamwomba azisome tena tangu mwanzo, polepole, na palipo na jina langu asipite haraka.