Usukani Uliokuwa Mwepesi

Gari langu ni la miaka ya sabini, la milango miwili, lenye injini kubwa na pua pana iliyosimama wima kama kabati. Mara ya kwanza nilipolipeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya Houston, ambako watu huruhusiwa kujaribu mwendo, lilifika maili mia na ishirini kwa saa na usukani ukawa mwepesi ghafla. Niliukata kidogo kulia, gari halikujibu. Nikaachia mafuta taratibu huku nikimwomba Mungu, mpaka pua iliporudi chini.

Mke wangu, ambaye ni nesi, alikuwa akinisubiri kwenye uzio.

"Kumetokea nini?"

"Hakuna kitu."

Akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. "Baba, hii ndiyo kazi yangu. Moyo wako unakimbia kuliko hilo gari. Litengeneze au liuze. Hivi lilivyo hulipandi tena."

Wiki iliyofuata nililipeleka mtaa wa Alief, kwa fundi wa bodi, Mkongo mmoja mpole. Alilala chali chini ya bampa kwa muda mrefu, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Ndugu, gari yako inakula upepo mingi. Inaingia huku chini na kwenye hizi matundu, halafu haina njia ya kutoka. Sasa inanyanyua gari."

Kumbe injini haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeiongezea nguvu miaka miwili bila kuuwazia upepo hata siku moja.

Tulifanya kazi Jumamosi tatu. Chini ya bampa tukafunga ubao mwembamba wa plastiki ngumu kuzuia upepo usipite uvunguni. Tukaziba matundu yote kuzunguka rejeta, ili upepo unaoingia upite kwenye rejeta yenyewe tu. Tukashusha mbele inchi moja, na juu ya buti tukaweka ukingo mfupi ili nyuma nako kukae chini. Ukingo huo niliuona mbaya. Fundi akacheka: "Uzuri utauangalia ukiwa mzima."

Tuliporudi uwanjani pamoja na fundi, mke wangu hakutoka ndani ya gari letu la kila siku. Alisema hataki kuona.

Nilipita mia, nikapita mia na ishirini, mikono ikisubiri ule wepesi. Haukuja. Niliposogeza usukani kidogo, pua ilifuata palepale. Kwenye mia na thelathini na tano nilijikuta nacheka peke yangu kwa sauti. Nilichungulia geji ya joto, maana niliogopa kwamba kuziba matundu kungeichemsha injini. Mshale ulikuwa umetulia katikati.

Nilimkuta mke wangu ameshatoka, amesimama kwenye uzio.

"Umesema hutaki kuona."

"Nimeona. Vipi?"

"Usukani ulikuwa mzito."

"Mzito ndiyo vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

Akashusha pumzi ndefu, akaegemea boneti iliyokuwa bado ya moto, akaruka akipiga kelele, na sote tukacheka mpaka machozi. Uchovu ulikuwa umenishika, kwa hiyo nikamwomba fundi aendeshe gari letu la kila siku, na mke wangu akashika usukani wa lile kongwe hadi nyumbani kwetu, mji wa Katy. Aliendesha maili hamsini na tano kwa saa, njia ya kulia, ile ya magari ya polepole. Mimi nililala kabla hatujafika barabara kuu.