Maana ya Kwanza ya Ukungu

Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, serikali ilitutumia sentensi moja ya Kiswahili. Naibu wa chifu aliisoma kwenye baraza, mzee wa kanisa akairudia baada ya matangazo ya harusi, na redio nayo ikaishika: "Mahindi yenye ukungu ni sumu. Msiyale." Huko chini kwenye joto watu walikuwa wamekufa kwa kula mahindi mabaya, kwa hivyo hakuna aliyecheka. Shida ni kwamba sisi tunakaa juu, kwenye milima iliyo nyuma ya mji wa Machakos, na huku ukungu tunaujua vizuri sana. Miezi ya baridi ukungu huja alfajiri, ukakaa juu ya paa, juu ya ng'ombe na juu ya maghala, na hauondoki mpaka jua lipande.

Kile kitu cha kijani kinachoota kwenye punje kilikuwa na jina lake la Kikamba tangu enzi za mababu. Hakuna aliyewahi kukiita ukungu. Basi mlima mzima ulielewa agizo kwa njia moja: hewa ya asubuhi imeingia sumu, na mahindi yafunikwe isiyaguse.

Mimi wakati huo nilikuwa Athi River, karani wa getini kwenye kiwanda cha chakula cha kuku. Nilipokuja nyumbani mwisho wa mwezi nilikuta kila ghala limevishwa nailoni nyeusi kutoka juu mpaka chini, na kamba juu yake. Duka la sokoni lilikuwa limeishiwa na nailoni, na waliochelewa walitumia walichokuwa nacho: shuka za kitanda, makoti ya mvua, na jirani yetu mmoja alikuwa amezungushia ghala lake bango la kampeni la mgombea aliyeanguka. Mgombea alitabasamu juu ya mahindi usiku na mchana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa amelinda kitu chetu.

Ghala la mama lilikuwa limefungwa kuliko yote. Mama alikuwa mjane, anakaa peke yake, na akiambiwa jambo alilifanya sawasawa. Mahindi yenyewe yalikuwa yamevunwa kabla hayajakauka, kwa kuogopa wezi, na sasa yalikuwa yamekaa ndani ya ile nailoni kwa wiki kadhaa yakitoa jasho. Niliingiza mkono chini, nikakuta joto na unyevu, na harufu niliyoijua vizuri. Kazini, lori likija na harufu ile tulilirudisha. Kuku wa Nairobi walikuwa na mtu wa kuwakagulia chakula, mshahara analipwa na kofia amepewa, na mama yangu hakuwa na mtu. Nilisikia hasira mpaka masikio yakawa moto.

"Mama, nani alikuambia ufunike?"

"Wamesema."

"Nani?"

"Wao. Na Mwalimu ameangalia kwa kamusi, akaona ni kweli."

Huyo "wamesema" alikuwa msomi mkubwa kuliko wote kwetu. Alijua dawa ya kila ugonjwa, alijua rais anafikiria nini, alijua hata siku dunia itakapokwisha, na akikosea alibadilisha tarehe bila kuulizwa. Hakuna aliyewahi kuona nyumba yake. Lakini kwa mama, Mwalimu ndiye aliyekuwa na uzito zaidi. Miaka ya tisini, mama akiwa tayari ana wajukuu, mzee huyo mstaafu alimfundisha kusoma kwenye darasa la ngumbaru. Kwa sababu yake mama aliweza kufungua Biblia mwenyewe na kusoma chupa ya dawa bila kumwita mtoto wa jirani. Kumpinga mtu kama huyo lilikuwa jambo ambalo hangelifanya hata kimoyomoyo.

Jikoni, sufuria ya muthokoi ilikuwa inatokota, yale mahindi yetu yaliyotwangwa kutoa maganda, pamoja na maharagwe.

"Umekula haya tangu lini?"

"Sasa unataka nile nini? Mawe?"

Niliipua sufuria nikaiweka nje, mama akanifuata akisema kiwanda kimenifanya nidharau chakula cha nyumbani. Tulibishana mpaka akachoka, akasema: "Haya. Enda kwa Mwalimu, umwambie yeye."

Nilienda. Mwalimu alinipokea kwenye veranda, amevaa koti na tai kama mtu anayesubiri mkaguzi wa shule, ingawa alikuwa amestaafu zamani. Kamusi yake ndiyo pekee kwenye mlima, na wakati huo alikuwa ameshaombwa kuifungua mara nyingi hata ikawa inafunguka yenyewe kwenye ukurasa wa neno ukungu. Akasoma kwa sauti ya darasani: mvuke mzito kama moshi, unaotanda angani hasa nyakati za baridi. Akaondoa miwani.

"Mwalimu, endelea kusoma. Kuna namba mbili."

Alitazama namba mbili bila kuvaa miwani. "Hiyo ya pili ni ya watu wa Pwani," akasema. "Sisi huku tunatumia ya kwanza."

Nilimweleza kuhusu malori, na ile harufu, na jinsi nailoni inavyofungia unyevu ndani. Alinisikiliza kwa upole ule wa kumsikiliza mtoto anayekaribia kukosa alama. Kisha akauliza nilisomea nini. Nikasema ukarani. Akanikumbusha kwamba kamusi iliandikwa na maprofesa, na mimi kazi yangu ni kuandika namba za malori. Nilitamani kuichana ile kamusi. Halafu nikaona kwamba kamusi haikuwa na kosa lolote, ilikuwa imesema kila kitu, na kilichokosekana ni mtu wa kuisoma mpaka chini. Shuleni, pamoja na kwa Mwalimu huyohuyo, tulifundishwa kupata jibu na kulipigia mstari kwa rula. Jibu limetoka wapi, na kama lina mwenzake, hayo hayakuwa kwenye mtihani.

Nilirudi na habari zangu, mama akakaa kwenye kigoda akijishika shavu.

"Wewe umesema, Mwalimu amesema, redio imesema. Mimi nishike ya nani?"

"Usishike ya mtu. Twende kwa aliyeandika hayo maneno, tumuulize alikuwa anamaanisha nini."

Alinitazama kama nimependekeza twende tukamuulize Mungu. Lakini Jumatatu asubuhi alivaa kitambaa chake cha kanisani, tukashuka mjini.

Katika ofisi moja ya mambo ya shamba tulipata mwanamke kijana mwenye haraka. Alisema karatasi ilikuja kwa Kiingereza, wakapewa mchana mmoja tu wa kuitafsiri, na ukungu ndilo neno sahihi, tuangalie kwa kamusi. Nikamwambia tumeshaangalia. Akatoa chupa ya kioo yenye mahindi ya kijani. Mama aliizungusha mikononi, kisha akalitamka lile jina la Kikamba.

"Eeh, hiyo hiyo," yule mwanamke akacheka, maana naye alikuwa Mkamba.

"Si mngesema hivyo?"

"Mama, tangazo la serikali ni kwa lugha ya taifa."

"Na ile ya asubuhi haina sumu?"

"Ile ni hewa tu."

"Na nailoni tuliyofunika nayo?"

Yule mwanamke akaacha kucheka. "Nailoni gani?"

Mama alimweleza, taratibu, mlima mzima, ghala kwa ghala. Mwishoni akauliza mtu aliyekula anafanyaje. Mwanamke akasema yeye ni wa mimea, hayo tuulize hospitali, na tusichelewe. Hospitali ilikuwa hapo hapo mjini. Nilimshika mama mkono tuvuke barabara. Akautoa.

"Kwanza Mwalimu," akasema.

Nilimsihi, nikakasirika, nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa naogopa. Akatangulia. Tulipanda tena mlima, tukapita nyumba yetu bila kusimama.

Mwalimu alikuwa verandani, sahani ya muthokoi mapajani. Mama hakumlaumu. Alimwambia alichoona ndani ya chupa, akakitaja kwa jina lake. Mwalimu aliweka sahani chini, akafungua kamusi, akavaa miwani, na midomo yake ikasogea polepole mpaka mwisho wa namba mbili. Kijiko kilikuwa bado mkononi. Tangu nimjue, sikuwahi kumsikia akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari.

"Na mtu akiwa ameshakula?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu," mama akasema. "Hata mimi nimekula. Inuka, twende tukaulize."