Hati ya Nyumba ya Kitwe

Mimi ninayeandika riwaya za wanawake jasiri naungama: juzi nilijificha nyuma ya kabati la wakili.

Baba mkwe wangu alichimba shaba Zambia ujanani, akaacha nyumba Kitwe. Sasa miguu yake imechoka, na mfanyabiashara mmoja wa mitumba anataka kuinunua nyumba hiyo. Mzee akanichagua mimi, kwa Kiingereza changu, niende kuiuza kwa niaba yake. Ilibidi tuisaini hati ya uwakilishi pamoja, kwa wakili hapa Tukuyu.

Lakini kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe. Miaka minne mzee hutuletea ndizi kutoka Kyimo, nami hukimbia. Niliposikia fimbo yake mlangoni, nikakimbia tena.

"Mzee, mwakilishi wako yuko wapi?" wakili aliuliza.

"Nipo," nilijibu, uso ukutani.

"Toka huko, dada! Mzee asipoapa kwamba anakufahamu, sigongi muhuri."

Nikaona aibu yangu inampotezea mzee mnunuzi wake.

Ndipo mzee akacheka taratibu, akamwambia wakili: "Uso wake siujui, mwanangu. Ila mgongo huo unaochungulia hapo, naapa ni wenyewe."