Kanisa Lililosogeza Mashamba Yetu

Ramani ile niliichora mimi, na niliichora sawasawa. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Nilikuwa nimemaliza chuo, masomo ya upimaji wa ardhi, nikapata kibarua Nakuru cha kuhamisha ramani za mashamba kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta. Karatasi zenyewe zilikuwa zimelala kabatini tangu mashamba ya walowezi yagawanywe. Tulifuata kila mstari, tukaandika namba ya kila shamba, kisha tukaiweka ramani juu ya picha ya setilaiti, ili nchi nzima iwe na ramani moja ya ardhi na mtu yeyote aweze kuangalia namba fulani iko wapi. Mimi nilikuwa narudia mstari hata usiohitaji kurudiwa. Mwenzangu wa meza ya pili alizoea kuniambia, "Wewe ukichora fensi, hata kuku itaomba ruhusa kupita."

Ikanifikia karatasi ya kwetu, upande wa Gilgil. Nilipoiweka juu ya picha, paa la mama yangu lilikuwa ndani ya shamba la jirani. Si pembe ya paa. Nyumba yote, zizi la ng'ombe, hata kaburi la baba kando ya misonobari.

Nilijiambia ni vipimo. Ramani za zamani zilipimwa kwa msingi tofauti na wa setilaiti, na usiporekebisha, kila kitu husogea kando. Lakini nilikuwa nimerekebisha. Barabara ilikaa juu ya barabara. Korongo lilikaa juu ya korongo. Watu tu ndio waliokuwa mahali pasipo pao.

Nikampigia mama simu.

"Mum, nyumba yetu iko kwa shamba ya jirani."

"Nani amesema?"

"Kompyuta."

"Ambia hiyo kompyuta ikuje nayo tulime pamoja, itajua mpaka iko wapi." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Free Area nikiwa na maswali mengi kuliko hamu ya kula. Je, kama nimekosea mimi? Na kama sikukosea, si ni vibaya zaidi?

Jibu lilikuja na pikapu. Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa amefariki, na mwanawe anayeishi mbali akaliuza shamba. Alimwonyesha mnunuzi ardhi aliyokulia, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mnunuzi, mtu makini, akafungua ramani ya serikali kwenye simu, akaandika namba iliyo kwenye hati, na simu ikampeleka kupita ua wa miba ya kaiyaba hadi mlango wa jikoni mwa mama yangu.

"Mathe, mimi sina ubaya na wewe," alimwambia. "Vuna mahindi yako pole pole, halafu tuongee vile utahama. Lakini system haidanganyi."

Nilifika nyumbani kesho yake. Mama alikuwa akimenya viazi, na historia akaitoa kama maganda, kipande kwa kipande, nami nikitaka yote kwa mara moja. Wanachama wa ushirika walinunua shamba la mlowezi kwa kuchanga. Mpima ardhi akakata safu ya viwanja kuanzia barabarani kushuka hadi korongoni, na watu wakaokota vikaratasi vya kura vyenye namba kwenye ndoo. Kiwanja cha mwisho, kando ya korongo, kilitengewa kanisa. Ndipo akina mama wakauliza ni nani atashuka na viatu vya Jumapili kwenye lile tope. Wazee wakakubaliana papo hapo: kanisa lichukue kiwanja cha juu, karibu na barabara, na kila mtu asogee chini kiwanja kimoja. Wakasogea, wakajenga, wakazaa, wakazikana. Hati zilipotoka miaka baadaye, zilikuwa na namba za kura, kana kwamba hakuna aliyesogea, na kila mtu akafungia yake sandukuni.

"Na mliwaambia watu wa ramani?"

"Tuliomba. Tulifunga na maombi."

"Mum, nauliza kama mliandika barua."

"Barua ya nini? Kila mtu alikuwa hapo."

Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji mpaka hasira ikapoa. Ofisini walikuwa wamenieleza kwamba njia ni mbili. Ama watu wa safu nzima wabadilishane hati, ama ramani irekebishwe, namba zifuate watu pale walipo. Ya kwanza mama aliikataa kabla sijamaliza sentensi.

"Hiyo taito iko na jina ya baba yako. Haitoki kwa hii nyumba."

Ikabaki ya pili, na hiyo ilihitaji kila mtu wa safu akubali, mnunuzi akiwemo. Akikataa mmoja, ni mahakama, na kule mnunuzi angekuwa na namba na ramani, na sisi tungekuwa na kumbukumbu ya ndoo.

Tulikutana kanisani baada ya ibada. Nilibandika ramani ukutani nikaanza na habari za vipimo, za setilaiti, za jinsi karatasi husinyaa na kuvuta mistari. Mtu wa nyuma akasema, "Mwalimu, fupisha, kuna maziwa ya kukamuliwa." Nikafupisha, vibaya.

Mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni na simu yake. "Mimi sitaki maneno mengi. Nataka yangu tu."

Mzee wa juu kabisa katika safu yetu, yule ambaye kura yake ndiyo iliyopewa kanisa, akainuka. "Boss, yako ni sawa. Ukisukuma huyu mama, yeye atasukuma wa juu yake. Huyo naye asukume mwenzake. Tukiendelea hivyo, mimi nafika hapa." Akaangalia dari bila haraka. "Sikatai. Hapa mbele nitaweka kuku wa mayai. Pasta, hizo spika utaniachia? Nasikia kuku wanapenda muziki."

Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza, "Na sisi tutaabudu wapi?"

"Korongoni. Si simu ya huyu boss inasema kanisa iko huko?"

Mnunuzi hakucheka. Aliitazama simu, akatazama viti, akawatazama watu waliovikalia. Nadhani alikuwa akijiuliza ni nani katika kijiji hiki angemuuzia hata mbolea baada ya hapo.

"Hiyo nilionyeshwa," akauliza mwishowe, "udongo yake ni mzuri kama ya huyu mathe?"

"Viazi ya huko inashinda yangu," mama akasema. "Marehemu alikuwa ananiringia nayo."

Sijui kama ni kweli. Sijawahi kumsikia akisifu kiazi cha mtu. Lakini mnunuzi aliweka sahihi, kwa sharti kwamba kiwanja chake kipimwe upya, na wengine wote wakafuata.

Siku ya kurekebisha, mama alikuja nami ofisini na hati kwenye bahasha ndani ya sweta. Hakumpa karani. Aliishika kwa pembe mbili mbele ya uso wake, kama mtu anayemwonyesha mtoto picha, mpaka karani akamaliza kuisoma namba. Karani akaniangalia. Mimi nikaangalia feni.

Namba ikahama kwenye skrini. "Ona mum, paa yetu iko ndani ya namba yetu."

Akainama. "Tangi haiko."

"Picha ni ya zamani."

"Kwa hivyo serikali haijui niko na tangi."

"Mum, nyumba ni yako. Imeisha."

Njiani kwenda stendi alininunulia soda bila kuombwa.

Wiki iliyofuata mnunuzi alianza kuchimba mashimo ya fensi. Nilimkuta mama amesimama upande wake wa kaiyaba, mikono kiunoni. Simu ilimwambia mnunuzi kwamba mstari uko hatua moja ndani ya ua, upande wa mama. Mama alimwambia mstari ni ua. Wote wawili wakageuka kunitazama, kila mmoja akiwa na hakika kwamba niko upande wake.

Simu ya kawaida hukosea kwa hatua kadhaa. Nikaanza kueleza, na kabla sijafika popote, walikuwa wamehamia kubishana kuhusu nani atakata matawi ya kaiyaba.