Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ugali unanuka gunia, na asubuhi tunatafuna michembe, viazi vilivyokaushwa, mpaka taya zinauma. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huku upande wa Igalula, nyumba zimepangwa mstari. Jirani akikohoa, unampa pole bila kutoka kitandani.

Mwaka huo nilimzika binti yangu. Aliniachia mjukuu wa kike, miaka sita. Msibani nilimwambia, "Nyamaza, mama kasafiri." Akanyamaza. Hakulia siku ile, wala siku ya arobaini. Watu wakanisifu: una mjukuu mwenye adabu! Nami kichwa kikavimba.

Aliyeliona tatizo ni mtani wetu, mama mmoja wa Kigogo. Alikuja matangani kajifunga kanga ya marehemu, anajiangusha chini, anadai urithi wa kuku. Watu wazima walicheka na machozi yao. Mtoto alimtazama tu.

"We kizee," mtani akaniambia, "huyu hujamlea, umemkausha. Mpeleke hospitali!"

Nikamrushia majivu. Neno la mtani nani analishika?

Miezi ikapita. Mtoto akaanza kukojoa kitandani, naye alikuwa ameshaacha zamani. Wenzake wakicheza rede, yeye kaegemea ukuta, anang'oa nywele zake moja moja. Niliona. Nikasema atakua.

Siku moja mtani akaja tena. Akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Nikajua hapa hakuna utani tena. Tangu lini mtani akaniamkia? Kesho yake tukapanda treni, mimi na mtoto, mpaka Tabora mjini.

Hospitali, nesi mmoja mtu mzima alitusikiliza mpaka mwisho. "Mama yake amekufa," akasema. "Yeye kaambiwa na nani?"

Nikakiri hajaambiwa. Akanielekeza nimwambie kweli, kwa maneno mafupi. Akilia nikae naye. Kila mwezi nimrudishe amwone. "Mtoto akibadilika hivi, bibi, na hali haiishi, hasubiriwi akue. Analetwa."

Nilimwambia jikoni, tunachambua mlenda. Akauliza, "Hata sikukuu harudi?"

"Hata sikukuu."

Basi alilia. Alilia juma zima, na la pili, kilio cha miezi yote ile, na mstari mzima wa nyumba unasikia.

Dada wa marehemu mume wangu akaja kabinua midomo. "Wifi, mnyamazishe mtoto. Anatuitia msiba mwingine."

"Simnyamazishi."

Majirani wakaacha kuja kuomba moto. Nikawa napika, nakula na mtoto, mlango wazi, hakuna wa kupiga hodi. Mimi niliyezoea kugombana na watu kutwa, nikabaki nagombana na chungu. Upweke ule ulinitafuna kuliko njaa.

Mwisho akaja mjumbe wa nyumba kumi, kasimama uani, kofia mkononi. "Bibi, watu wamechoka. Mnyamazishe tu, wenzio watarudi."

Mtoto alikuwa mapajani mwangu, kamasi zimelowesha kanga.

"Simnyamazishi."